Je, Wajua? Ufuoni Tana, Machweo Yako Mgongoni

Jumamosi ikifika, vijana wa Garsen, Minjila, Ngao na Tarasaa hujipanga. Wengine huteremka Malindi. Wengine huiacha barabara ya Lamu na kushika njia ya Kipini, mahali maji ya mto Tana yanapoingia Bahari ya Hindi. Simu huchajiwa tangu usiku, chakula hufungwa, na kabla ya kurudi ni lazima ipatikane picha ya kundi zima jua likizama. Picha hiyo moja ina mambo mengi nyuma yake: mwendo wa dunia, tope la mto, studio za zamani za Lamu na Mombasa, hata sheria za nchi. Haya hapa machache ya kuzungumza njiani.

Bahari ya Kenya hailimezi jua

Je, wajua kwamba pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hutazama mashariki na kusini-mashariki? Jua huchomoza baharini na kuzama bara. Anayesimama ufuoni Malindi jioni akiyatazama maji, machweo yako mgongoni mwake, nyuma ya minazi na majumba. Zile picha za jua jekundu likizama majini hutoka kwenye pwani zinazotazama magharibi. Unguja, kwa kuwa ni kisiwa, ina yote mawili: Paje huliona jua likitoka baharini asubuhi, na watu wa Mji Mkongwe hukaa Forodhani jioni kuliangalia likizama. Dar es Salaam, ng'ambo ya maji kutoka Unguja, haina ila macheo.

Wengi huona hiyo ni hasara. Mpigapicha huona faida. Kwenye pwani ya magharibi, ukimsimamisha rafiki yako mbele ya bahari wakati wa machweo, jua liko nyuma yake na uso wake ni giza. Lazima uchague jua au uso. Kwetu hakuna kuchagua. Wasimamishe wenzako bahari ikiwa nyuma yao, wewe uipe bara mgongo, na mwanga wote wa dhahabu utawaangukia usoni huku mawimbi yakionekana vizuri mabegani mwao.

Kipini ina mlango wake wa machweo

Je, wajua kwamba Kipini ni mojawapo ya mahali pachache pwani ya Kenya ambapo unaweza kuliona jua likizama juu ya maji mapana? Maji hayo lakini ni ya mto. Mji umekaa ukingo wa mashariki wa mlango wa mto, kwa hiyo anayetazama magharibi huona maji mbele yake, mikoko ng'ambo, na jua likishukia huko.

Na mlango huo una mkono wa binadamu. Zamani Tana ilikuwa na njia yake nyingine ya kwenda baharini, upande wa magharibi wa Kipini, na kwenye mlango wa Kipini uliingia mto mdogo wa Ozi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi ipite. Mto mkubwa nao ukaipenda njia hiyo, na sehemu kubwa ya maji yake ikahamia Ozi. Leo anayepiga picha ya machweo Kipini anapiga picha ya kazi ya majembe ya watu wa karne ile.

Nusu saa tu kwa mwaka mzima

Je, wajua kwamba Garsen, iliyo karibu digrii mbili na robo kusini ya ikweta, jua huzama ndani ya nusu saa ileile mwaka mzima? Mwanzoni mwa Novemba huzama mapema kuliko wakati wowote, kiasi cha saa 12:08 jioni. Katikati ya Februari huchelewa zaidi, kiasi cha saa 12:38. Siku nyingine zote ziko kati ya hapo. Kule London jua la Desemba huzama saa 9:50 alasiri, na la Juni huzama saa 3:20 usiku.

Tofauti yetu ndogo haitokani na urefu wa mchana, kwa sababu mchana wa Garsen hauongezeki wala kupungua ila kwa dakika chache. Inatokana na dunia yenyewe: haiendi kwa kasi moja inapolizunguka jua, na mhimili wake umeinama. Mambo hayo mawili huifanya saa ya jua iipite saa ya ukutani miezi fulani na kubaki nyuma miezi mingine.

Kwa hesabu ya wazee wa pwani na ya kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Kwa hiyo picha yenu ya Jumamosi iliyopigwa mwanga wa mwisho ukififia ni ya usiku wa Jumapili tayari.

Jua mlilolipiga picha limeshazama

Je, wajua kwamba ukingo wa chini wa jua unapogusa upeo wa macho, jua lenyewe limekwisha kushuka chini ya upeo huo? Angahewa huupinda mwanga wake na kulinyanyua machoni petu kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, na upana wa jua zima ni kama nusu digrii pia. Mnachokiona ni taswira iliyoinuliwa na hewa. Juu ya hilo, mwanga unaoingia kwenye simu uliondoka kwenye jua dakika 8 na sekunde 20 kabla. Hapo hewa hucheza tena: huunyanyua zaidi ukingo wa chini kuliko wa juu, na ndiyo maana jua la machweo huonekana limebonyea.

Na ule ukubwa wake? Ni macho tu. Jua likiwa karibu na miti na nyumba, ubongo huliona kubwa kuliko likiwa peke yake juu angani. Nyosha mkono, lipime kwa ncha ya kidole cha mwisho likiwa limeshuka sana na limepungua ukali: kidole hulifunika lote. Simu haidanganyiki, ndiyo sababu jua lililokuwa kubwa machoni hutokea kama doa kwenye picha. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuvuta karibu kwa lenzi ya mbali. Rafiki atapungua ukubwa, jua halitapungua, na wawili hao wataonekana wamekaribiana.

Dakika mbili, kisha kwaheri

Je, wajua kwamba tangu jua liguse upeo wa macho hadi lipotee lote, huku kwetu ni dakika mbili na sekunde chache tu? Karibu na ikweta jua hushuka wima, kama ndoo inayoteremshwa kisimani. London mwezi Juni hushuka kwa kukingama, na huchukua zaidi kidogo ya dakika nne. Mwangaza unaobaki baada ya hapo, ule wa kumtambua mtu bila taa, Kipini haufiki nusu saa. London mwezi huohuo hukaribia dakika 50.

Wapigapicha hupenda kipindi ambacho jua liko chini ya digrii sita juu ya upeo, wakati mwanga wake ni laini na wa manjano. Huku kwetu kipindi hicho hakizidi nusu saa. Kundi linalobishana nani asimame katikati na nani achuchumae mbele huweza kukimaliza chote kwa mabishano. Wenye uzoefu hupanga watu kwanza, wakati jua bado lina ukali.

Wekundu una hesabu yake

Je, wajua kwamba mwanga wa jua linalozama hupita kwenye hewa nyingi mara 38 hivi kuliko wa jua la utosini? Njia hiyo ndefu huitawanya rangi ya buluu, ikabaki ya chungwa na nyekundu. Vumbi na moshi mwingi karibu na ardhi huzifubaza rangi. Hewa iliyooshwa na mvua huzing'arisha. Ndiyo maana jioni baada ya manyunyu ya vuli, mawingu ya juu yakiwa yametawanyika, huleta picha nzuri kuliko anga tupu la Januari. Mawingu hayo bado yanapigwa na jua ambalo nyinyi hamlioni tena, na huwaka dakika kumi hadi ishirini baada ya machweo. Wanaokimbilia gari mara tu jua likitoweka huyakosa.

Mwaka 1883 mlima wa volkano wa Krakatau, Indonesia, ulilipuka na kurusha chembe juu sana angani. Machweo yakawa mekundu duniani kote kwa miezi. Novemba mwaka huo, wazimamoto wa Poughkeepsie, jimbo la New York, walitoka na magari yao wakidhani kuna mji unaungua.

Geuka, tazama bahari

Je, wajua kwamba jua likizama bara, upande wa bahari nao una onyesho lake? Dakika chache baada ya machweo, juu ya maji ya mashariki huinuka utepe wa kijivu-buluu, na juu yake ukanda wa waridi. Utepe ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia angahewa. Ukanda wa waridi ni mwanga mwekundu wa machweo unaorudishwa na hewa iliyo juu ya kivuli hicho. Pwani zinazotazama magharibi huliona jambo hili juu ya milima na majengo. Kwetu liko juu ya bahari wazi, bila kizuizi, na ni wachache wanaogeuka kulitazama.

Siku ya mwezi mpevu huongezeka jambo lingine: mwezi hutoka baharini karibu wakati uleule jua linapozama. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo jioni ya kabla ya mwezi mpevu ndiyo nzuri zaidi kwa picha, kwa sababu mwezi huwa umeshapanda kidogo na anga bado lina mwanga. Uso wa rafiki na uso wa mwezi vyote huonekana. Ukingoja usiku uingie, simu itakupa duara jeupe lisilo na alama hata moja.

Mwezi ndio unaoamua upana wa ufuo

Je, wajua kwamba unaweza kujua ufuo utakuwaje jioni kwa kutazama mwezi? Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Kwenye bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kiasi cha saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Wakati wa machweo basi maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, na mchanga wa kusimama ni mwembamba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: mwendo wa maji ni mdogo, na jioni ufuo huwa mpana kuliko jioni ya bamvua.

Wavuvi wa Kipini na Ngomeni hawana haja ya kuambiwa haya. Mgeni anayeacha viatu na begi mchangani saa tisa za siku ya bamvua ndiye anayeyahitaji.

Kwa nini maji ya Kipini si ya kijani

Je, wajua kwamba Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, hubeba udongo tangu Mlima Kenya na Aberdare na kuumwaga katika Ghuba ya Ungwana? Mto una urefu wa kiasi cha kilomita 1,000, na rangi yake ya kahawia huingia nao baharini. Matumbawe huhitaji maji safi yanayopitisha mwanga, kwa hiyo mstari wa miamba unaoikinga sehemu kubwa ya pwani yetu hukatika hapa, kama unavyokatika kwenye mlango wa mto Sabaki karibu na Malindi. Wanaotaka maji ya rangi ya feruzi huenda Watamu.

Udongo huo una malipo yake. Ndio uliojenga delta, na ndio unaolisha kamba: Ghuba ya Ungwana ni mahali pakuu pa uvuvi wa kamba nchini. Mchanga ulioletwa na mito na kupeperushwa na upepo ndio uliojenga matuta marefu kando ya ghuba. Jua likiwa chini, kila mkunjo wa tuta hutupa kivuli chake, na tuta ambalo saa sita lilikuwa bapa huonekana na mawimbi yake. Hata maji ya kahawia hupokea rangi ya machweo vizuri. Tope hurudisha mwanga wa chungwa zaidi kuliko maji mangavu.

Mwaka 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na eneo la hekta 163,600. Ndege wa majini huzaliana humo kwa makundi makubwa, na jioni hurudi viotoni kwa mistari. Hayo ni machweo ambayo hayahitaji bahari.

Ghuba iliyorusha kamera ya nyota

Je, wajua kwamba ghuba mnayoipiga picha kutoka Kipini ndiko zilikorushwa roketi za anga za juu? Upande wake wa kusini, mbele ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi huo, akaipa jina la Uhuru. Ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo.

Pwani hii ilichaguliwa kwa sababu ileile inayotunyima machweo ya baharini. Roketi hurushwa kuelekea mashariki ili isaidiwe na mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta una kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Huhitajika bahari tupu mashariki ili vipande vinavyoanguka visiwaangukie watu, na hiyo ndiyo bahari tunayoitazama.

Filamu zilizotuona vibaya

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe? Kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na fundi alirekebisha rangi hadi ngozi ya Shirley ikae sawa. Mtu mweusi aliyesimama kando yake alitoka kivuli chenye meno. Miongoni mwa walioisukuma Kodak kubadilika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, na mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiitangaza kwa uwezo wake wa kuonyesha ngozi nyeusi sawasawa.

Hata simu ya leo hubabaika ikipewa uso mweusi na anga linalong'aa kwa pamoja. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo. Anga litapauka lakini rafiki ataonekana. Ukitaka maumbo meusi tupu mbele ya anga jekundu, gusa anga, kisha waambie wenzako waachane nafasi. Watu waliokumbatiana hutoka donge moja.

Selfi na pua

Je, wajua kwamba selfi iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu? Watafiti wa Marekani walitoa hesabu hiyo mwaka 2018, baada ya madaktari wa upasuaji kupokea watu waliozichukia pua zao kwa sababu ya selfi. Kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho nyuma yake. Mpe mwenzako simu, arudi hatua mbili. Na kabla ya hapo aifute lenzi kwa kitambaa laini, kwa kuwa upepo wa bahari huipaka chumvi, na chumvi hulitawanya jua kuwa ukungu mweupe.

Kabla ya ufuo, palikuwa na pazia

Je, wajua kwamba kamera ilifika pwani hii zaidi ya miaka 160 iliyopita? James Augustus Grant, mwenziwe Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Baadaye katika karne hiyo Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake kisiwani, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha maharusi, mashoga na marafiki kwa miongo kadhaa. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kukata picha na kuziunganisha upya mpaka mtu akajikuta mahali ambapo hajawahi kufika.

Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapigapicha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege, majumba na bahari. Wafanyakazi waliotoka bara walisimama mbele ya bahari ya rangi, ilhali bahari yenyewe ilikuwa hatua chache nyuma ya kibanda. Bahari ya pazia ilikuwa na faida zake: haikupwa, haikuwa na upepo, na ilikubali meli na ndege vikae pamoja. Filta za simu za leo hazikuanzisha jambo jipya.

Garsen kwenyewe

Je, wajua kwamba jioni ambayo nauli haitoshi Garsen ina picha zake? Delta ina mikoma inayogawanyika matawi na mivumo iliyonyooka, na miti hii miwili hutoa maumbo meusi ya kuvutia kuliko mnazi. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa Waorma hurudi kutoka malishoni jioni, na vumbi lao hulishika jua. Omba ruhusa kwa mchungaji kwanza, msalimie, ueleze picha ni ya nini. Ukingoni mwa Tana usishuke majini kwa ajili ya picha hata kidogo: mto una mamba, na viboko hutoka kwenda kula nyasi wakati uleule unaoutaka wewe.

Saa za mchana ziachie vivuli vya miembe. Karibu na tarehe 14 Machi na 29 Septemba, jua la mchana hupita utosini kabisa mwa Garsen. Nguzo hupoteza kivuli chake, na macho ya mtu hugeuka mashimo mawili meusi.

Magofu si jukwaa

Je, wajua kwamba karibu na Kipini yako magofu ya Ungwana, mji wa mawe wa Waswahili uliochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950? Upande huohuo yako magofu ya Mwana na Shaka, na simulizi za pwani humweka huko shujaa Fumo Liyongo. Wenyeji husema kaburi lake liko Kipini. Mawe ya matumbawe ya kuta hizo hupendeza kwenye mwanga wa jioni, lakini chokaa yake imechoka. Picha ipigwe chini, ukuta haupandwi.

Uso wa mtu una mwenyewe

Je, wajua kwamba nchini Kenya picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019? Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi wadogo ambazo wazazi hawakuziridhia. Walioadhibiwa walikuwa na biashara zao za kutangaza, lakini funzo linamfaa yeyote: aliyekubali kupigwa picha ufuoni hajakubali bado kuwekwa mbele ya watu elfu. Muulize mara mbili. Droni nayo haipeperushwi kiholela. Kanuni za mwaka 2020 huitaka isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga.

Mkipanga safari ijayo

Tazameni kalenda kabla ya kuchanga nauli. Mkitaka ufuo mpana jioni, nendeni wiki ya mwezi nusu. Mkitaka mwezi utoke baharini, nendeni jioni ya kabla ya mwezi mpevu, na viatu viwekwe juu. Desemba jua huzama kusini zaidi ya magharibi na Juni kaskazini zaidi, umbali wa digrii 47 kati ya miezi hiyo miwili, kwa hiyo mahali palipowafaa mwaka mpya huenda pasiwafae sikukuu ya Madaraka. Fikeni saa kumi na moja, pangeni watu saa kumi na moja na nusu, na baada ya jua kupotea bakini robo saa mkiwa mmegeukia bahari. Adhana ya Magharibi hutolewa duara la jua likitoweka lote. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, wakati wa Isha haujaingia mpaka wekundu wa magharibi uishe. Baina ya adhana hizo mbili ndipo rangi zilipo, na msikiti wa karibu utawapa saa zake bila programu yoyote ya simu.